Pasa, Nimejifunza Kuujibu Mkono Wako

Pasa mwenzangu,

Nimekaa mahali pako, usikasirike. Kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya, bado kinayumba, na nikigeuka kidogo tu kinalia. Mbele yangu iko ile televisheni kubwa ambayo mfanyabiashara wa Kavimvira alitaka kuitupa, ukambembeleza mpaka akakupa. Cherehani yangu iko nyuma yangu, ukutani. Nakuandikia mchana, mlango ukiwa wazi, watu wa mtaa wetu wa Kimanga wakipita na ndoo zao vichwani, kwa sababu haya ninayotaka kukuambia sipendi kuyaandika nikiwa nimejifungia.

Kuna jambo ambalo nyumba nzima ilikuficha. Nitalifikia. Nakujua wewe: ukikutana na neno gumu kabla ya salamu, unachukua shati lako unaondoka. Kwa hiyo kwanza tukumbuke.

Unakumbuka nilivyokuwa mbovu kwenye kachi? Mieleka ya kwenye televisheni, mchezo wako wa mashine uliokuwa ukijaza chumba chetu cha mbele vijana wenye jasho, mpaka wateja wangu wa nguo wakawa wanasimama nje wakipimwa mabega barabarani. Nilikuwa nashona huku nakucheka. Mtu mzima mwenye ndevu anapiga kelele kwa sababu mwanamieleka wa picha ameangushwa! Siku moja chumba kilikuwa kitupu, ukanirushia maneti nyingine ya kuchezea, ile yenye vidude vya kubonyeza vilivyochakaa.

"Njoo, Pasa. Acha ile nguo, haitakimbia."

Kwetu hakuna aliyetuita kwa majina yetu. Tulikuwa mapasa, watoto wa tumbo moja na siku moja, basi kila mmoja alikuwa Pasa. Mama akiita tuliitika wote wawili, na hata sisi wenyewe tuliitana hivyo.

Ulituchonga wote wawili ndani ya mashine, tukawa wanamieleka wa timu moja, wa kupokezana. Wewe ulijipa suruali ya rangi ya chungwa na kifua ambacho Mungu hakukupa. Mimi ulinipa mikono kama mihimili ya nyumba na nguo yenye maua ya kitenge. Nikauliza hiyo pua umeitoa wapi. "Pua yetu," ukasema. Nilikupiga kwa rula ya kushonea.

Kila mara nilishindwa kwa jinsi ileile. Mpinzani akinyanyua tu kidole, mimi nilikuwa nimeshabonyeza. Mashine haisamehe anayewahi kubonyeza: mikono yangu mikubwa ilikamata hewa, nikabaki nimesimama wazi, nikapigwa.

"Weye iko unafinya juu ya woga," ukaniambia. "Usifinyake juu ya woga. Kila pigo iko na jibu yake, lakini ngoja ianze kwanza."

"Nitajuaje imeanza?"

"Acha kuangalia mukono. Mukono iko inadanganya. Angalia bega. Bega haina bongo."

Nikaanza kuangalia bega. Bega likishuka, ni ngumi ya tumbo. Likienda nyuma, ni teke. Yakiinuka yote mawili, anataka kukubeba akubwage chini. Nilijifunza kungoja, jambo ambalo hata Mama alikuwa ameshindwa kunifundisha. Kidole gumba kinatulia juu ya kidude, mate yanakauka mdomoni, bega linaanza, ndipo unabonyeza. Mkono wake unageuka kuwa mali yako, na aliyekuja kukuangusha anaanguka yeye. Mara ya kwanza nilipokujibu vizuri uliruka kwenye kiti ukashangilia kuliko mimi. Nilipenda sana hilo kwako. Ulikuwa ukifurahi hata unapopigwa.

Ila pigo moja hukunifundisha jibu lake. Uliliunda mwenyewe kwa ajili ya mwanamieleka wako, ukaliita Karibu Nyumbani. Anasimama katikati ya ulingo, anatabasamu, ananyoosha mkono polepole kama mtu anayekusalimia kanisani. Bega halisogei. Unabaki unautazama ule mkono, na ukija kushtuka umeshavutwa juu ya kamba, umetupwa nje, kamera imebaki inaonyesha ulingo mtupu. Nilikuomba, nikakununulia hata sambusa.

"Hapana," ukasema ukitafuna sambusa yangu. "Paka alimufundisha simba kila kitu, ila kupanda muti."

Halafu ikaja siku ile ya mvua. Ulikuwa umeenda Kavimvira kurekebisha televisheni ya mtu. Mto ulishuka kutoka milimani na mawe yake, ukachukua nyumba, ukachukua njia, ukamwaga vyote ziwani. Waliokuwa nyuma yako waliliona shati lako, kisha hawakuliona. Wanaume walikutafuta ufukweni kwa mitumbwi mpaka walipoacha. Hakuna kilichorudi.

Shangazi alikuja kutoka Mutarule akiwa na matope mpaka magotini. Mama alikuwa ameketi chini na mdomo wazi, sauti ikiwa karibu kutoka, na Shangazi akauziba kwa kiganja chake kabla hajasema neno.

"Usilie," akamwambia. "Juu ya mapasa balikatazaka kulia. Pasa hafake. Ameenda kuokota kuni. Ukimulilia huyu mumoja, yule mwenzake atasikia njia, atamufuata."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wa upande wa baba, pacha hasemwi kuwa amekufa, nawe wajua Shangazi si mtu wa kubishana naye. Anasali rozari kuliko masista, lakini ya mapasa ni ya mapasa. Basi hatukulia. Hakuna aliyenyoa, hakuna aliyelala chini. Majirani walikuja, wakatusalimu kwa wingi: "Mapasa wetu wako muzima?" Mama akajibu kwamba wako wazima, mwingine yuko kwenye kuni. Ilipopikwa ugali zilipakuliwa sahani zetu mbili, na yako ikakaa mezani mpaka ikapoa. Nilijishonea nguo, na yako nikaishona. Mama alisimama mlangoni akaita, "Mapasa, chakula!" kwa sauti ileile, na mimi nikaingia nikala nikiangalia samaki wako akikauka.

Nilikuwa nakufa kwa kutolia, Pasa. Ilinikaa hapa kifuani kama ugali usiomezeka.

Nikaanza kucheza kachi mchana, wateja wakiwa hawapo. Nilitaka tu kuiona ile suruali ya chungwa. Nilichagua timu yetu, mimi nikamwongoza mwanamke mwenye pua yetu, wewe ukaongozwa na mashine. Katika kupokezana, mmoja anapigana na mwenzake anasimama kwenye kona, nje ya kamba, akinyoosha mkono. Ukimgusa, yeye anaingia na wewe unatoka. Ulisimama konani kwako, mkono umenyooka. Wenzako wa mashine huwatazama wapinzani. Wewe ulikuwa unanitazama mimi.

Nikajiambia ni mchezo. Kisha nikaona kwamba wapinzani wangu wote walikuwa wameanza kupigana kama wewe. Unakumbuka ulivyomzoesha mwanamieleka wako kurudi nyuma kidogo na kuja mbele kidogo kabla ya kushambulia, kama mtu anayejaribu kama maji ya kuoga yamepoa? Wote walifanya hivyo. Nilichagua majitu mazito yasiyojua hata kuruka, nayo yakarudi nyuma kidogo, yakaja mbele kidogo. Na siku moja jitu moja lenye kipara likasimama katikati ya ulingo, likatabasamu, likaninyooshea mkono polepole. Pigo lile ulikuwa nalo wewe peke yako. Hakuna aliyelifundisha lile jitu.

Likanivuta. Ulingo ukabaki mtupu kwenye televisheni, na mimi nikahisi baridi mkononi, hapa panapofungwa saa. Nilipotazama, ngozi ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Nami sikuwa nimegusa maji tangu asubuhi.

Siku ya pili ilikuwa vilevile, na iliyofuata pia. Shangazi aliuona ule mkono tulipokuwa tunachambua maharage, akaacha kuchambua.

"Iko anakuita," akasema. "Pasa hawezi kukaa kule yeye peke yake. Hii mashine tuitupe."

"Haitupwi," Mama akasema. "Ni kazi ya mutoto wangu. Akirudia atakuta nini?"

Nikaendelea kuchambua maharage. Nikuambie ukweli ambao sikuwaambia wao: sikuogopa. Nilitaka kuja. Tangu tumboni sijawahi kukaa mahali ambapo hupo, na kila nilipovutwa juu ya zile kamba nilisikia raha, nikacheza tena ili univute tena. Nguo za wateja zilikuwa zimelundikana, sili vizuri, nimekonda. Ulikuwa unashinda, ndugu yangu, na mimi nilikuwa nakuachia.

Kilichonigeuza ni Mama. Alikuja kukaa karibu na cherehani, akaushika ule mkono uliokunjamana, akaupulizia pumzi yake kama alivyokuwa anatupulizia tukiungua. Akasema kwa sauti ndogo, ili Shangazi asisikie:

"Mungu alinipa babili. Kama weye pia unaenda kuokota kuni, minye nitabakia naongea na nani?"

Kuanzia siku hiyo nikatafuta jibu la Karibu Nyumbani, na safari hii nilitafuta kwa ajili ya kuishi. Sikubonyeza kitu. Niliacha kivutwe kile kimwanamke chenye pua yetu, mara kwa mara, na kila mara nikaangalia mahali pamoja tu. Niliangalia mkono nikaona mkono. Niliangalia bega, limelala. Niliangalia uso, ukawa unatabasamu tabasamu lako, ikabidi nigeuke pembeni. Kiuno hakina kitu. Hatimaye nikaangalia mahali ambapo hakuna mtu anapaangalia akinyooshewa mkono: chini. Ndipo nikakiona. Kabla mkono haujaanza kunyooka, wakati bado ni tabasamu tu, kisigino cha mguu wa nyuma kinageuka. Anayekusalimia kwa mkono, miguu yake imeshaanza kuondoka.

Nilibonyeza kisigino kilipogeuka. Mwanamieleka wangu aliukamata ule mkono, hakuvuta wala hakukimbia. Aliketi. Aliketi chini na uzito wake wote, na lile jitu likapita juu yake, likaanguka nje ya kamba peke yake. Na kule konani kwetu, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, ulishusha mkono wako. Nilifurahi, na hapohapo nikaona nimekufukuza. Nikauma kitambaa cha mteja ili nisitoe sauti.

Sasa nifike ziwani. Ulikuwepo, lakini sijui wewe uliona nini, kwa hiyo nitakueleza nilichoona mimi.

Nilikuwa napeleka gauni kwa mteja wangu anayekaa karibu na ufuko, kule ambako ziwa limepanda likaingia nyumbani mwa watu. Nyumba za mbele wamezihama, maji yamefika madirishani. Jua lilikuwa utosini. Kwa kawaida pale kuna kelele: wanawake wanaanika samaki wadogo wa ndagala, redio, watoto wanaogelea. Siku hiyo nilipokunja kona nikasikia kimya, kama mtu amefunga mlango. Maji hayakuwa na hata kikunjo.

"Pasa!"

Wala sikungoja mwito wa pili. Ulikuwa umesimama katika mlango wa nyumba moja iliyozama, umevaa shati nililokushonea, lile lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, ambalo ulikataa nilirekebishe. Shati lilikuwa kavu. Ulitabasamu. Niliweka gauni la watu juu ya jiwe, nikavua viatu, nikaingia majini bila kufikiri, mpaka magotini, mpaka kwenye mapaja.

"Mbona unachelewa?" ukasema. "Minye nachoka kukungojea."

"Nilikuwa na kazi," nikajibu, kama mjinga.

"Kila siku nakuja nyumbani," ukasema. "Mama ananiita, sahani yangu iko pale. Lakini hakuna muntu ananiongelesha. Naongea nanyi, munaangalia pembeni. Niliwakosea nini?"

Pasa, pale ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulikuwa tumeficha habari ya kifo chako ili isinifikie mimi, na kumbe aliyekuwa haijui ni wewe. Ulikuwa ukirudi kila siku kwenye nyumba inayokuita kwa chakula kisha haikujibu. Ni nani angekaa mbali na nyumba ya namna hiyo? Na ni nani asingemtafuta angalau pacha wake, aje wakae wote?

"Twende," ukasema. "Kule iko muzuri, hakuna jua." Na ukaninyooshea mkono, polepole.

Nilitaka kuushika. Bega lako lilikuwa limelala kabisa. Nikajilazimisha kuangalia chini. Maji yalikuwa maangavu, niliona mpaka mchanga, na niliona miguu yako. Uso wako ulikuwa umenielekea mimi, na kifua chako pia. Visigino vyako navyo vilikuwa vimenielekea mimi, na vidole vilikuwa vimeelekea kilindini.

Mkono wako ulikuwa umeshanishika. Sikuvuta. Niliketi. Niliketi majini na nguo zangu, maji yakaja kifuani, nikaushika mkono wako kwa mikono yangu yote miwili, nikasema neno ambalo nyumba nzima ilikuwa imelimeza.

"Ulikufa."

Ukanitazama. "Minye?"

"Weye. Mto ulikubeba siku ile ya mvua. Ulikufa, ndugu yangu."

Ulijipapasa shati kwa mkono mwingine kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa wa kitoto vile. Kisha ukauliza:

"Na Mama anajua?"

"Anajua."

"Basi juu ya nini hakunililia?"

Kwa mapigo yote uliyowahi kunipiga, hilo sikuwa nalo jibu lake. Mkono wako ulilegea mikononi mwangu, ukawa maji, na mlangoni pale hapakuwa na kitu ila kizingiti na samaki wadogo. Redio ikasikika. Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndagala akaniuliza kwa sauti kama nimechanganyikiwa, mbona nakaa majini na nguo nzuri.

Nilirudi nyumbani nikidondosha maji njia nzima. Mama alikuwa uani na Shangazi. Nikasimama mbele yao nikasema, "Mama, Pasa alikufa." Shangazi aliruka kunikamata mdomo, lakini safari hii nilikuwa nimeshaona bega lake, nikaushika mkono wake nikaushusha taratibu. Nikamwambia Mama ulichouliza, neno kwa neno.

Na hili ndilo hasa nililotaka kukuandikia, maana uliondoka kabla hujapata jibu. Mama alilia. Aliweka sufuria chini kwanza, vizuri, kama mtu asiye na haraka, kisha akapiga ukelele uliofika barabarani, na wapita njia wakasimama. Alikuita kwa jina lako la ubatizo, ambalo nilikuwa nimelisahau. Alijitupa chini akauvuta mchanga kwa mikono. Wanawake wa Kimanga waliingia mmojammoja, bila kuitwa, wakakaa, wakalia naye. Wanaume walileta viti. Hata Shangazi, baada ya kusimama peke yake muda mrefu akiwa amekunja mikono, alifungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi chini, akakulilia kwa Kifuliiru, lugha ya wazee, mpaka sauti ikamkatika. Misa ilisomwa. Sahani yako imeoshwa, imewekwa pamoja na nyingine. Usidhani hukuliliwa. Ulichelewa kuliliwa, na hilo utusamehe.

Mimi nami nililia, na hakuna aliyenifuata wala niliyemfuata. Mkono wangu umekauka. Nashona. Jioni vijana wanakuja kucheza kachi, mimi ndiye ninayewafundisha, nawaambia wasibonyeze kwa woga. Wapinzani wamerudia tabia zao za zamani.

Ila asubuhi mojamoja, hata pasipo mvua, tunakuta maji kwenye kizingiti, na nyayo za mtu aliyesimama nje bila kuingia. Mama anazifuta kwa kitambaa. Ndiyo maana nimeandika. Nikimaliza nitasimama mlangoni niisome barua hii kwa sauti, kila neno, ili uisikie ujue uliliwa, watu wapite na waseme watakavyo.

Nilitaka kuja nawe, Pasa. Siku ile majini nilitaka kwa moyo wangu wote, na ningependa ulijue hilo popote unapolala. Sikuja kwa sababu nilitaka kuishi zaidi.

Dada yako, niliye hai.